Jinsi ya kupima kazi ya mwanafizikia wa Jua: mwongozo kamili kwa mfano wa Eugene Parker

Mwanafunzi anayetafuta msimamizi wa uzamivu, kamati inayopitia maombi ya kazi, mwandishi wa habari anayetaka kujua kama mtaalamu anayemhoji ana uzito: wote hufika kwenye swali moja. Mtu huyu ameandika nini, na wenzake wameifanyia nini kazi yake? Kupata tarakimu ni rahisi, huchukua dakika chache. Kujua tarakimu hizo zinasema nini ndiko kunakohitaji kazi, na kwa sehemu kubwa mwongozo huu unahusu kazi hiyo.

Nimemchagua Eugene Parker wa Chuo Kikuu cha Chicago kuwa mfano wetu. Alifariki Machi 2022, hivyo orodha ya kazi zake haiongezeki tena, ingawa wanaozinukuu bado wanaongezeka. Kumbukumbu zake ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Tena, maisha yake ya kitaaluma yana karibu kila mtego unaomnasa anayehesabu nukuu, yaani mara ambazo kazi imetajwa katika kazi za wengine, bila kusoma.

Hatua ya 1: Mjue mtu kabla ya kumhesabu

Kabla ya kufungua hifadhidata yoyote, andika ukurasa mmoja wa maisha ya kazi yake: alisoma wapi, alifanya kazi wapi na miaka ipi, aliandika jina lake kwa namna gani, na alishughulikia tatizo gani. Ukurasa huo ndio utakaokuonya orodha ya kompyuta itakapokuletea makala ya mtu mwingine.

Kwa Parker ukurasa huo ungekuwa hivi. Alizaliwa Juni 1927 huko Houghton, jimbo la Michigan. Alipata shahada ya uzamivu Caltech, yaani Taasisi ya Teknolojia ya California, mwaka 1951, akafundisha Chuo Kikuu cha Utah, kisha mwaka 1955 akahamia Chicago na kubaki huko hadi alipostaafu mwaka 1995. Kwenye majarida alijiandika E. N. Parker, na makala zake nyingi aliziandika peke yake. Tatizo lake kuu lilikuwa uga sumaku: unazaliwaje ndani ya Jua na nyota, unajikunja vipi, unakatika vipi, na unabebwaje na gesi yenye umeme inayotoka kwenye Jua.

Hayo tu yanatosha kukuonyesha kwamba makala ya kilimo au ya upasuaji iliyoandikwa na E. Parker si yake. Yanakuonyesha pia kwamba makala ya mwaka 1966 kuhusu gesi iliyo kati ya nyota, ambayo kwa mtazamo wa haraka haihusiani na Jua, ni yake kabisa.

Hatua ya 2: Chagua mahali pa kutafuta

Kwa fizikia ya Jua, anza na Astrophysics Data System, ambayo watu wa fani hii huiita ADS. Ni hifadhidata inayofadhiliwa na NASA, shirika la anga la Marekani, na kuendeshwa na watu wa taasisi ya Smithsonian walioko Cambridge, Massachusetts. Ni bure kwa kila mtu, popote alipo. Hili ni jambo kubwa kwa msomaji ambaye chuo chake hakina fedha za kulipia hifadhidata za Scopus au Web of Science. Huhitaji hata kujisajili, ingawa ukijisajili, bila malipo, unaweza kuhifadhi orodha zako.

Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, hukusanya kila kitu: tasnifu, ripoti, vitabu, maandishi ya darasani. Ndiyo maana tarakimu zake karibu kila mara ni kubwa kuliko za wengine. Itumie kwa vitabu, maana hapo ina nguvu. Parker aliandika kitabu kikubwa kuhusu uga sumaku wa anga, kilichotoka mwaka 1979, na anayeangalia majarida pekee hukipa kitabu hicho nafasi ndogo kuliko inayokistahili.

Scopus na Web of Science huchuja zaidi majarida wanayoyakubali. Kama maktaba ya chuo chako inazo, zitazame kwa ulinganisho. Kama haina, hutapungukiwa sana, kwa sababu ADS inaifahamu fani hii kwa undani.

Usichanganye tarakimu za hifadhidata mbili katika hesabu moja. Nukuu za ADS zibaki na za ADS, za Google Scholar na za Google Scholar.

Hatua ya 3: Kusanya orodha, kisha isafishe

Kwenye kisanduku cha ADS andika:

author:"Parker, E N" year:1950-2022

ADS itakuletea pia zile zilizoandikwa kwa jina kamili au kwa herufi moja tu ya kwanza. Ukitaka zile ambazo yeye ndiye mwandishi wa kwanza, weka alama ndogo mbele ya jina:

author:"^Parker, E N"

Halafu chuja. Wanafizikia wa Jua huhudhuria mikutano mingi, na ikisiri za mikutano huingizwa kwenye ADS kama maandishi kamili yanavyoingizwa. Mtaalamu wa leo anaweza kuonekana ana mamia ya kazi, kumbe sehemu kubwa ni aya moja moja za mikutano ya Marekani na Ulaya. Ongeza maneno property:refereed ili ubaki na makala zilizopitiwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa. Ziandike hesabu zote mbili, ya jumla na ya zilizopitiwa, kwa sababu kila moja inaeleza jambo lake.

Baada ya hapo pitia vichwa vya makala kimoja kimoja. Ndiyo, kwa jicho. Kwa mtu mwenye makala mia tatu hii ni kazi ya jioni moja, na hakuna kompyuta itakayokufanyia vizuri zaidi. Unatafuta makosa ya aina tatu: makala za mtu mwenye jina linalofanana, makala moja iliyoingia mara mbili, na makala zinazokosekana kwa sababu jina liliandikwa vingine.

Kosa hili la tatu linatugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mtu anayetumia jina lake, la baba na la babu anaweza kuandikwa kwenye jarida moja kwa jina la babu kama jina la ukoo, na kwenye jingine kwa jina la baba. Mwanamke aliyebadilisha jina baada ya ndoa hukutwa na hilo hilo. Kazi za mtu mmoja zinagawanyika na kuonekana za watu wawili, na wote wawili wanaonekana wadogo. Ukimpima mtafiti wa kwetu, jaribu kila mpangilio wa majina yake kabla ya kukata kauli. Kama ni wewe unayepimwa, jisajili ORCID, namba ya utambulisho wa watafiti iliyoanza kutolewa mwaka 2012. Ni bure, na huunganisha majina yako yote. Kwa waliofanya kazi yao kuu miaka ya 1950, kama Parker, usitegemee kuikuta.

Orodha ikishakuwa safi, ihifadhi kama maktaba ndani ya ADS. Hesabu zote zinazofuata zitoke kwenye maktaba hiyo, si kwenye utafutaji mpya.

Hatua ya 4: Soma vipimo, ukijua kila kimoja kinapima nini

Fungua maktaba yako na ubonyeze Metrics. Utaona idadi ya makala, idadi ya nukuu, mara ngapi makala zimefunguliwa, na safu ya fahirisi.

Inayotajwa zaidi ni fahirisi ya h. Aliibuni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha hesabu ukishuka hadi pale nafasi ya makala inapozidi idadi ya nukuu zake. Tuseme mtu ana makala saba zenye nukuu 90, 41, 12, 6, 5, 3 na 0. Makala ya tano ina nukuu 5, inatosha. Ya sita ina 3, haitoshi. Fahirisi yake ni 5.

Angalia kilichotokea kwa ile makala ya nukuu 90. Ingekuwa na nukuu 9,000, fahirisi ingebaki 5. Fahirisi ya h humtuza anayeandika makala nyingi nzuri za kiasi na humficha aliyeandika chache zilizobadilisha fani. Hirsch mwenyewe alikadiria kwamba mwanafizikia mwenye h ya 20 baada ya miaka 20 ya kazi amefanikiwa, na mwenye 40 katika muda huo ni bora sana. Makadirio hayo ni ya fizikia. Usiyapeleke kwenye historia au uhandisi.

Kwenye ukurasa huo huo kuna kipimo kinachopuuzwa na wengi ambacho kwa fani hii nakiona muhimu kuliko h: nukuu zilizogawanywa kwa idadi ya waandishi. Makala yenye nukuu 90 na waandishi 30 humpa kila mmoja 3. Ukimlinganisha Parker, aliyeandika peke yake, na mtaalamu wa leo anayefanya kazi ndani ya timu ya chombo cha anga, bila kugawanya hivyo umewapima kwa mizani mbili tofauti. ADS huonyesha pia fahirisi ya tori, iliyopendekezwa mwaka 2012 na Alberto Pepe na Michael Kurtz, ambayo huondoa nukuu za mtu kujinukuu mwenyewe na kuzingatia wingi wa waandishi na urefu wa orodha za marejeo.

Fahirisi ya m ni h iliyogawanywa kwa miaka tangu makala ya kwanza. Inafaa kwa vijana. Kwa mtu aliyestaafu zamani haina maana kubwa.

Hatua ya 5: Fungua makala kubwa moja moja

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huishia njiani. Panga maktaba kwa nukuu, chukua makala tano au sita za juu, na kwa kila moja jiulize: ilidai nini, ilipokelewaje, na leo inanukuliwa kwa sababu gani?

Chukua ile ya mwaka 1958 katika Astrophysical Journal, ambayo ADS huitambua kwa alama 1958ApJ...128..664P. Ludwig Biermann alikuwa ameona kwamba mikia ya kometa (nyota zenye mkia) husukumwa na kitu kinachotoka kwenye Jua. Sydney Chapman alikuwa amehesabu kwamba angahewa ya nje ya Jua, yenye joto la zaidi ya nyuzi milioni moja, hutanda mbali sana lakini imetulia. Parker alionyesha kwamba haiwezi kutulia: lazima ipanuke na kutoka kwa kasi inayopita ya sauti. Huo ndio upepo wa Jua. Wataalamu wawili waliopewa makala hiyo kuipitia walishauri ikataliwe. Mhariri, Subrahmanyan Chandrasekhar, hakulipenda wazo lenyewe, lakini kwa kuwa hakuna aliyeonyesha kosa katika hesabu, aliichapisha. Joseph Chamberlain alijibu kwamba kinachotoka ni upepo mwanana tu, wa mwendo wa polepole. Kisha chombo cha Mariner 2, kikielekea Zuhura mwaka 1962, kikapima upepo huo mfululizo kwa miezi, na vipimo vilivyochambuliwa na Marcia Neugebauer na Conway Snyder vikamaliza ubishi.

Sasa rudi kwenye chati ya nukuu za makala hiyo kwa mwaka. Tia alama miaka ya vyombo: 1962 Mariner 2, 1990 Ulysses, 1995 SOHO, 2018 Parker Solar Probe, 2020 Solar Orbiter. Nukuu za fani hii hufuata data mpya kutoka angani, na chati isiyowekewa alama hizo hupanda na kushuka bila kukueleza kwa nini. Anayempima mtu miaka mitatu baada ya makala yake angemkosa kabisa Parker wa 1958.

Makala ya mwaka 1957 inafundisha jambo jingine. Ilihusu jinsi mistari ya uga sumaku iliyoelekeana kinyume inavyokutana na kuungana upya. Wazo la msingi lilikuwa la Mwingereza Peter Sweet, aliyelieleza kwenye mkutano wa Stockholm mwaka 1956, lakini kitabu cha mkutano huo kilitoka mwaka 1958, baada ya makala ya Parker. Anayepanga kwa tarehe za uchapishaji ataona Parker ametangulia. Parker mwenyewe aliweka jina la Sweet kwenye kichwa cha makala yake. Tena makala hiyo ilitoka kwenye jarida la jiofizikia, si la astronomia, na inanukuliwa sana na watu wa maabara za plazima, yaani gesi yenye umeme. Kwa hiyo usifunge mlango wa fani moja.

Halafu kuna ile ya 1972, inayodai kwamba uga sumaku ukisokotwa na miondoko ya uso wa Jua hauwezi kubaki laini, bali hutengeneza matabaka membamba ya mkondo wa umeme. Aad van Ballegooijen aliipinga hoja hiyo mwaka 1985, na mjadala umeendelea. Sehemu ya nukuu zake, basi, ni za watu wasiokubaliana nayo. Mimi hilo nalihesabu kuwa heshima: makala inayowalazimu watu wenye akili kuijibu kwa miongo kadhaa imefanya kazi yake. Lakini ukiandika ripoti, sema wazi kwamba jambo lina ubishi. Mwaka 1988 aliliendeleza wazo hilo kwa kueleza milipuko midogo, kila mmoja kama sehemu ya bilioni moja ya mlipuko mkubwa wa Jua, ambayo kwa wingi wake ingeweza kuipasha joto angahewa ya nje. Swali hilo halijafungwa.

Ili kujua nukuu zina uzito gani, fungua makala ishirini zinazoinukuu ile unayoichunguza, mpya na za zamani, na usome sentensi inapotajwa. Zipange kwa mafungu: waliotumia mlinganyo wake kufanya hesabu, walioipima kwa data, walioipinga, na walioitaja tu kwenye aya ya kwanza pamoja na majina mengine kumi. Mafungu matatu ya mwanzo ndiyo yanayoonyesha athari halisi.

Hatua ya 6: Tafuta athari isiyohesabiwa

Kazi ikikubalika kabisa, watu huacha kukitaja chanzo chake. Jina la mwenye kazi hugeuka kuwa jina la kitu. Mwanasosholojia Robert Merton alilieleza jambo hili kwa sayansi yote, na kwa Parker utalikuta kila kona: umbo la mzunguko (kwa Kiingereza Parker spiral) la uga sumaku unaobebwa na upepo wa Jua, ambao ukifika kwenye Dunia huwa umeinama kama nyuzi 45, mlinganyo wa usafiri wa miale ya anga, kutotulia kwa gesi katika Njia ya Maziwa, galaksi yetu, hata kikomo cha wingi wa chembe za sumaku zenye ncha moja. Vyote hivyo hubeba jina lake.

Unaweza kulipima. ADS hutafuta ndani ya matini nzima ya makala nyingi, kwa hiyo andika:

full:"Parker spiral" NOT citations(bibcode:1958ApJ...128..664P)

Utapata makala zinazotumia jina hilo bila kuinukuu makala ya 1958. Rudia kwa majina mengine. Matokeo haya hayaingii kwenye fahirisi yoyote, lakini ripoti isiyoyataja imeacha sehemu nzito ya urithi wake.

Kuna pia heshima zisizo za nukuu, nazo ziweke kwa kifupi: Medali ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani mwaka 1989, Tuzo ya Kyoto 2003, Tuzo ya Crafoord 2020. Mwaka 2017 NASA iliupa ujumbe wake wa kwenda karibu na Jua jina lake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo cha NASA kuitwa kwa jina la mtu aliye hai. Parker alikuwepo Florida kiliporushwa tarehe 12 Agosti 2018, akiwa na miaka 91. Desemba 2024 chombo hicho kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka kwenye uso wa Jua.

Hatua ya 7: Jihadhari na nukuu za vifaa na za mapitio

Ukihamia kwa wataalamu wa leo utakutana na tarakimu kubwa ambazo si za nadharia wala ugunduzi. Makala inayoeleza kamera za AIA za SDO, chombo cha NASA kinachopiga picha za Jua, iliyotoka mwaka 2012 katika jarida la Solar Physics, hunukuliwa na karibu kila anayetumia picha zake. Waandishi wake ni wengi, na kila mmoja huibeba kwenye fahirisi yake. Msiwadharau watu hawa: bila kamera hakuna data, na aliyetumia miaka kumi kujenga kioo au kuandika programu amestahili. Ila uliza alichangia nini hasa, na uhesabu mara mbili, ukiiweka makala ya kifaa na ukiiondoa.

Makala za mapitio nazo hunukuliwa kuliko utafiti wa asili, kwa kuwa hurahisisha marejeo. Zitie kundi lake.

Hatua ya 8: Linganisha, kisha andika

Mlinganishe mtu na wa rika lake, wa kazi ya aina yake: mnadharia na mnadharia, mtazamaji na mtazamaji, walioanza ndani ya miaka mitano hivi ya mwenzake. Wawili au watatu wanatosha. Wasafishie orodha zao kwa uangalifu ule ule, la sivyo unalinganisha orodha safi na chafu.

Ripoti yenyewe isizidi kurasa mbili. Aya ya kwanza itaje hifadhidata, tarehe ya kutafuta na vichujio ulivyotumia, kwa sababu nukuu hubadilika kila wiki. Aya ya pili itoe tarakimu: makala zote, zilizopitiwa, alizotangulia kuwa mwandishi, nukuu, nukuu zilizogawanywa, h. Sehemu inayobaki, iliyo kubwa kuliko zote, iwe makala tano kwa majina na miaka, kila moja na sentensi mbili tatu: ilidai nini, nani aliipinga, nini kiliithibitisha au kuiacha wazi. Kwa Parker, sentensi za 1958 zingemtaja Chandrasekhar na Mariner 2, na za 1972 zingemtaja van Ballegooijen. Mwisho weka kiungo cha maktaba yako ya ADS, ukiwa umeifanya ya wazi, ili anayesoma aweze kurudia hesabu mwenyewe.